Hatua Saba Kutoka Mlango wa Nyuma

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kalamu kwa sababu mara ya mwisho nilikuamkia kwenye simu mara nne, nawe ukaniuliza nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Tumeongezeka, kwa kweli: paka wa jirani amezalia kwenye kapu letu la nguo chafu na hataki kuhama. Mama mdogo amepata kazi ya kushona sare za shule. Kaka naye amepanga nyumba mpya huko kwake mbali, na kila akipiga simu anatuhesabia vyumba. Mimi bado nazunguka madukani kukagua mizani. Juzi muuza sukari mmoja aliniambia kwamba mzani wake si mwongo, ila una haya mbele za wageni.

Ninalotaka kukuandikia ni habari ya mama. Unajua alianguka Novemba. Nyonga imeunga, lakini daktari amesema ngazi basi. Tangu hapo yuko chumba cha juu. Ameshuka mara mbili tu, kwenda hospitali, akiwa kwenye kiti kilichobebwa na wanaume wanne, na mara zote mbili alifumba macho mpaka wakamaliza. "Nimebebwa kama kabati," alisema. Hataki tena. Anakaa dirishani na kuamrisha mtaa mzima kutokea juu. Kaka amesema tusipopata njia ya kumweka chini kufikia mwisho wa Juni, atakuja kumchukua. Siku hiyo mama hakula.

Njia ipo, nadhani. Chini kuna sebule na kuna stoo. Stoo peke yake ni nyembamba: kitanda kikiingia, kiti cha magurudumu hakigeuki. Ukuta wa kati ukitoka, panakuwa chumba kizuri chenye madirisha mawili. Fundi wa mtaani kwetu tunamwita Kamba Mbili, kwa sababu kila kitu anakipima kwa kamba mbili, eti ya kwanza inaweza kudanganya. Yeye anasema ukuta unaweza kuondolewa na mzigo wa juu ukabebwa na boriti ya chuma. Ila amesema pia kwamba ukuta haujui nani anauvunja, unamjua aliyeujenga tu.

Aliyeujenga ni wewe, na baba. Baba siwezi kumuuliza. Basi naomba unijibu mawili. Kwanza, ukuta ule umebeba kitu, au unagawa vyumba tu? Pili, unakaa juu ya nini? Nimeugonga kwa mwiko kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sakafu yake pia, sikio likiwa ukutani. Upande wa mlango unajibu "ti". Upande wa dirishani, sakafu inajibu "du". Sijui maana yake, na kutojua kunaniwasha kama upupu.

Mpwa wako,
Bi Mizani

25 Februari

Bi Mizani, mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ililala siku tisa kwenye sanduku la kiwanda kwa sababu karani aliona mwandiko mzuri akadhani ni ya wakubwa. Nimefurahi umeandika. Simu kwangu ni nyuki ndani ya kopo, na herufi za ujumbe wake ni mchwa. Miaka thelathini ya kukata mawe kwa mashine bila kuziba masikio, ndiyo malipo yake. Wewe ziba yako.

Sisi hatujambo. Shangazi yako wa huku, yaani mke wangu, anakusalimu na anasema nguo chafu zenye paka zina baraka. Mimi nasimamia vijana wanaofyatua matofali. Wanafyatua vizuri mpaka nigeuke. Mpe dada pole nyingi. Mwambie asiamrishe mtaa kwa sauti kubwa, nitamsikia hadi huku.

Sasa ukuta. Ndiyo, umebeba. Zege la juu limelala juu yake, na chumba cha dada kimesimama juu ya zege hilo. Huyo Kamba Mbili simjui, lakini hajakosea. Kazi ya boriti ni nzuri ikifanywa kwa subira. Unatoboa matundu juu ya ukuta, unapitisha mbao nene kutoka upande hadi upande, unaziegemeza kwa jeki za chuma huku na huku, mpaka ukuta unajikuta hauna kazi. Hapo ndipo unautoa, tofali kwa tofali, kuanzia juu. Unainua boriti. Halafu ile nafasi inayobaki kati ya chuma na zege unaijaza saruji iliyoloweshwa kidogo tu, ukiifinya ishike umbo la kiganja isitoe maji, na unaishindilia kwa kijiti mpaka mkono ukatae. Watu wanaogopa boriti. Boriti haina maneno. Maneno yapo pale miisho yake inapolalia.

Lakini hayo yote nimeyaandika kwa sababu uliuliza. Hamyahitaji. Ukuta ule uacheni. Jengeni chumba kidogo uani, au dada aende kwa kaka yako akapumzike. Nyumba ikishazoea kukaa namna fulani, usiisumbue.

Wasalimu paka.

Mjomba wako,
Kiziwi

9 Machi

Mjomba,

Shikamoo wewe na shangazi. Paka wamefumbua macho. Mama mdogo alishona mkono wa kushoto wa sare upande wa kulia mara kumi na mbili kabla ya mtu kumwambia. Mama yuko vizuri, isipokuwa ameanza kusema "nyumba yenu" badala ya "nyumba yangu", na sipendi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Imenifundisha kuliko kitabu. Ila niliuliza mawili, ukajibu moja. Ule mzani wa muuza sukari nao ulikuwa hivyo: upande mmoja ulicheza vizuri, wa pili ulikuwa umefungwa uzi chini ya meza. Simaanishi kwamba umefunga uzi. Nasema tu kwamba nimezoea kutazama chini ya meza.

Kwa hiyo nimetazama. Niliweka gololi sakafuni karibu na ule mlango wa kati, ambao mama anasema zamani ndio ulikuwa mlango wa nyuma wa nyumba. Gololi ilikaa. Nikaisogeza mbele kidogo kidogo. Ilipofika kama mita tatu ilijiondokea yenyewe, polepole, ikaenda hadi ukuta wa dirishani na kugonga. Nimeirudia mara ishirini. Inaondoka palepale kila mara. Kuna ufa pia, mwembamba kama unywele, unaopanda kutoka sakafuni kwenye pembe ile. Nimeuwekea alama za penseli na tarehe. Haujaongezeka, lakini nimeona mtu mwingine aliwahi kuziba sehemu yake ya chini kwa chokaa, tena kwa uangalifu. Nani?

Tumemleta mhandisi. Ni rafiki yangu wa sekondari, yule tuliyemwita Kwa Nini kwa sababu alimchosha kila mwalimu. Alilala kifudifudi sakafuni na tochi. Kamba Mbili alimwangalia akasema, "Dada, ukimaliza kusujudu utuambie." Kwa Nini akamjibu, "Kamba zako zimekuambia ukuta unakaa wapi?" Wakapatana tangu hapo, maana wote wawili hawakujua.

Kwa Nini amepiga hesabu ya boriti. Mwisho mmoja utalala kwenye ukuta wa nyumba ya zamani, na huko hana wasiwasi. Mwisho wa pili utaangukia palepale dirishani, gololi inapokwenda. Anasema sasa hivi mzigo umetandazwa kwenye ukuta mzima kama watu walioketi kwenye mkeka. Boriti itawakusanya wote na kuwaketisha kwenye vigoda viwili. Anataka kujua kigoda cha pili kinasimama juu ya nini. Akasema tuchimbe tuone.

Mama alisikia kutoka juu. Akaita, "Pale msichimbe!"

Nikapanda kumuuliza kwa nini. Alikuwa anakunja shuka. Akalikunja mpaka likawa dogo kama kitabu, kisha akasema, "Muulize mjomba wako."

Basi nakuuliza.

Bi Mizani

11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Sina habari nyingi.

Mwezi na siku mbili zimepita. Nilimpigia simu shangazi, akasema huumwi na barua ilifika. Nimefurahi huumwi.

Boriti imekuja. Walikuja nayo watu sita, wakaiweka uani kando ya ukuta, na sasa wazee wa mtaa wanaikalia jioni kama benchi. Mama huwatania kutoka dirishani: "Kaeni vizuri, muipime kama itanibeba!" Wanacheka. Akifunga dirisha hacheki. Jana kaka amemtumia picha ya chumba alichomtayarishia. Kina pazia la kijani. Mama aliitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama huko kutakuwa na mtu wa kumpigia kelele.

Kamba Mbili ataanza kazi tarehe tano Mei, ukijibu au usipojibu. Tutachimba, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kujua. Ila ningependa kujua kutoka kwako kabla ya kujua kutoka kwa sururu.

Sikuandikii kwa hasira. Kwa kazi yangu nimekutana na watu wengi wenye mizani mibovu, na wengi wao walikuwa watu wazuri.

Mpwa wako

24 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua ya Machi niliipata. Sikuugua, sikusafiri. Niliisoma nikaiweka chini ya godoro, na kila nikilala naisikia, mimi nisiyesikia kitu. Nimeianza hii mara tatu. Ya kwanza nilijaza ukurasa mzima habari za hali ya hewa.

Nyuma ya nyumba yenu, kabla hatujaongeza vyumba, palikuwa na shimo la taka. Refu, linampita mtu. Mimi na shemeji, marehemu baba yako, tulilifukia tukalishindilia. Zikapita mvua mbili, majani yakaota, ukipita huwezi kujua. Alipoamua kuongeza vyumba, shemeji alisimama kwenye mlango wa nyuma asubuhi, akiwa amevaa viatu vya kazini, akaniambia: "Shimo linaishia hatua sita kutoka hapa. Wewe piga ya saba, weka ukuta hapo, utakuwa kwenye udongo mgumu." Akaenda zake kazini. Nami nikapiga hatua saba.

Wewe baba yako unamjua kwa picha. Kwenye picha watu huketi. Alikuwa mlingoti. Mimi nikisimama kando yake, watu waliniuliza mbona sisimami. Tulikuwa tunafanya kazi hivyo siku zote, yeye anataja hatua, mimi nazipiga. Banda la kuku lilitoka dogo tukacheka. Ua ukatoka mfupi tukacheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema: hatua za nani?

Nilipochimba msingi wa ule ukuta wa mwisho nikatoa majivu. Nikadhani ni kidogo. Nikachimba hadi magotini, majivu na vigae. Hadi kiunoni, bado. Nikajua niko katikati ya shimo. Hapo ndipo mtu huweka sururu chini na kumngoja mwenye nyumba arudi. Sikuweka. Shemeji alitaka fundi mwenye cheti. Mimi sikuwa na cheti, nilikuwa na dada. Dada ndiye aliyemsihi wiki nzima anipe kazi ile mimi. Ningemwambia nini jioni? Kwamba kazi yangu ya kwanza kubwa nimeshindwa kuhesabu hadi saba?

Nikalaza zege pana kuliko msingi wowote niliowahi kuona, nikalifuma nondo mara tatu, nikajenga juu yake. Ukuta wa stoo nao ukaja kuishia hapo. Nilisema nitamwambia nikimaliza lipu. Nilipomaliza lipu nikasema nitamwambia mvua zikipita. Mwaka uliofuata akasema anataka chumba cha juu. Hatua saba nilizipiga kwa kutojua, mpwa wangu, lakini chumba cha juu nilikijenga huku najua. Ule ufa niliuziba mimi. Halafu wewe ukazaliwa, halafu shemeji akafariki, na hakubaki mtu wa kumwambia. Au ndivyo nilivyojiambia.

Msiilaze boriti pale. Mwambie huyo Kwa Nini achimbe kwa nje, si ndani, na asifungue pote kwa mara moja. Afungue kipande chenye upana wa mlango, ashuke mpaka udongo mgumu, ajaze zege, lishike, ndipo aende kwenye kipande kingine kisichopakana nacho. Kama kung'oa meno ya mtu anayekula.

Tena niulizie jambo moja. Miaka yote nilidhani dada hajui. Anajua nini? Amejuaje? Kama jibu ni baya, niandikie hivyohivyo.

Mjomba wako

30 Mei

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Kwanza nikutoe wasiwasi: nyumba imesimama. Paka wamegawiwa, mmoja amebaki kwetu na amekataa jina lolote. Mama mdogo ameanzisha kazi yake mwenyewe ya cherehani barazani. Kaka amepiga simu, nitakuambia.

Barua yako nilimsomea mama. Nilitaka kuruka sehemu fulani, akasema, "Soma yote, mimi si mtoto." Nilipofika kwenye swali lako alicheka hadi akashika nyonga. Anasema siku ile alikuwa jikoni, mlango wa nyuma uko wazi. Alikuona ukipiga hatua zako saba kwa heshima kama askari wa gwaride. Halafu akaona unachotoa kwenye msingi. "Zilikuwa sahani zangu," alisema. "Zenye ua la bluu. Nilizitupa mwenyewe zilipovunjika. Nikajua yuko ndani ya shimo." Baadaye ulikaa kwenye ukingo wa mtaro umeshika kichwa. Akakuletea chai, akakuuliza udongo ukoje. Ukasema ni mzuri. Akasema, hongera.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Ningemwambia baba yako kwamba ndugu yangu hafai? Wiki nzima nilimsihi." Kisha akaongeza, "Nikangoja aseme mwenyewe. Nilidhani ni kungoja kwa siku mbili tatu."

Ninyi wawili mmekaa miaka ishirini na minane mkilindana dhidi ya jambo ambalo kila mmoja wenu alilijua. Sijui niwacheke au niwapeleke ofisini kwetu mkakaguliwe.

Tulichimba kama ulivyosema, kwa nje, kipande kwa kipande. Nilichukua likizo ili nisikose hata siku moja. Majivu yalikuwa bado makavu. Tulitoa betri za redio, sufuria isiyo na kitako, kiatu kimoja cha mwanamke, na sahani za ua la bluu. Tulipofika kwenye zege lako Kwa Nini alishuka shimoni akalipigapiga kwa nyundo, akapima unene wake. Kisha akasema, "Aliyelaza zege hili alikuwa anaogopa sana. Hakuna anayeweka nondo nyingi hivi bila woga." Kamba Mbili akasema, "Woga huo ndio umemweka mama yenu juu miaka yote." Pande tatu zege lako linafika kwenye udongo mgumu. Upande wa nne lilikuwa linaning'inia. Sasa halining'inii tena. Kuna zege jipya chini yake hadi udongo mgumu chini ya shimo, na nguzo ya boriti imesimama juu ya hapo.

Nina jambo moja la kukuambia ambalo si la ujenzi. Tulipochimba kwa nje tulifika mahali taka zinapokoma na udongo mwekundu unapoanza. Ni mstari ulionyooka kabisa, kama umekatwa kwa kisu. Nilishuka na tepu. Kutoka mlango wa zamani hadi ukuta wako ni mita nne na sentimita sabini na sita. Gawanya kwa saba: hatua yako ni sentimita sitini na nane. Kutoka mlango uleule hadi ukingo wa shimo ni mita tano na sentimita arobaini na sita. Gawanya kwa sita.

Tisini na moja. Hatua ya baba ilikuwa sentimita tisini na moja. Nilikuwa na miaka minne alipofariki. Sijui sauti yake, sijui alivyocheka. Nilisimama mle shimoni na tepu mkononi, Kamba Mbili akaniuliza kama nimeumia. Baadaye, walipokwenda kula, nilichora alama mbili uani nikajaribu kutembea kama yeye. Inabidi nirushe mguu. Kama asingekosea kukuamini, au wewe usingekosea kuhesabu, nisingeijua kamwe. Mama alinitazama kutoka dirishani, akasema, "Kidogo zaidi. Alikuwa anaharakisha."

Boriti iliinuliwa tarehe ishirini na saba. Watu wanane, magogo, na wale wazee wa mtaa wakilalamika kwamba tumewanyang'anya benchi. Ukuta ulikuwa umeshatolewa, kuanzia juu. Saruji ya mwisho niliishindilia mimi mwenyewe kwa kijiti mpaka mkono ukakataa, ndipo nikaelewa ulichomaanisha. Tulipolegeza jeki ya kwanza wazee walirudi nyuma hadi mlangoni. Kilisikika kitu kama mtu anayeketi baada ya kusimama siku nzima. Kwa Nini aliangalia kipimo chake akasema, "Imeshuka milimita moja," akaenda kunawa mikono.

Sasa chumba kipo. Nimekifagia. Kina mwanga kuliko nilivyotarajia. Kitanda kimeingia na kiti kinageuka mzunguko mzima, nimekijaribu mwenyewe.

Na mama hataki kushuka. Amesema atashuka siku mjomba atakapokuja kuikagua kazi kwa macho yake, si kabla. Nilimwambia kaka anakuja mwisho wa Juni. Alisema, "Basi na mjomba wako aangalie kalenda." Kaka naye amesema hangoji Julai, akimkuta bado yuko juu, anamchukua. Unamjua dada yako. Unajua pia kwamba atakwenda na atakaa kwenye pazia la kijani na hatalalamika, kwa ukaidi tu.

Sikuombi uje kwa ajili ya boriti. Boriti ni nzima.

Bi Mizani

14 Juni

Bi Mizani,

Marahaba, mpwa wangu. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kiwandani, vijana wakafyatua matofali mabovu hamsini na sikuwaambia kitu. Shangazi yako amenisomea tena jioni, kwa kelele, majirani wote sasa wanajua nilivyo mfupi.

Sahani za ua la bluu nazikumbuka. Moja niliishika mkononi siku ile nikasema, hii ni kama ya dada. Akili yangu ikaishia hapo.

Nitapanda basi la tarehe ishirini na tano, nitakuwa kwenu kesho yake kabla ya adhuhuri. Nimepewa ruhusa. Kwa Nini asinifiche vipimo vyake, nitataka kuona ile milimita. Kamba Mbili mwambie nina deni naye la chai. Tafuteni wanaume watatu tu wa kubeba kiti. Wa nne ni mimi, na msiniweke upande wa chini wa ngazi, nitamwinamisha. Kaka yako akifika mapema mpeni kiti naye, akae atazame.

Kuna jambo sikuliandika Aprili. Katika miaka hii yote sijawahi kulala nyumbani kwenu. Nilikuwa nasema nina rafiki mjini, naenda kulala kwake. Hata kwenye msiba wa shemeji nilisema hivyo. Sina rafiki huko. Nilikuwa nalala nyumba ya wageni iliyo karibu na stendi, nikiwaza nyinyi mko juu ya lile zege na mimi nimelala salama.

Dada akishashuka, chumba cha juu kitakuwa wazi. Nitandikieni huko.

Mjomba wako